Vidoa vinavyoelea machoni: lini ni vya kawaida, lini ni hatari?

Unatazama mbingu mchana wa jua, au ukuta uliopakwa rangi nyeupe, mara kitu kama mbu kinapita mbele ya jicho. Unapunga mkono kukifukuza, hakiondoki. Ukikifuata kwa macho kinakukimbia. Ukitulia, nacho kinateremka polepole. Wengine huona vidoa vyeusi, wengine vinyuzi kama utando wa buibui, na wengine viduara kama mapovu.

Kuna wanaodhani ni uchafu, wakasugua macho mpaka yakawa mekundu. Wengine hukimbilia duka la dawa kununua matone. Kabla ya kufanya lolote, ni vyema kufahamu vitu hivi ni nini.

Vinatoka wapi?

Nyuma ya lenzi, sehemu kubwa ya jicho imejaa ute mzito unaopenyeza mwanga. Ute huo ni kiasi cha mililita 4 hivi, ambazo hazijai kijiko cha chai. Karibu wote ni maji, lakini umeshikiliwa na nyuzi laini mno za protini.

Kadiri umri unavyosonga, ute hulegea na kugeuka majimaji hapa na pale, nazo nyuzi hushikana na kufanya mafundo madogo. Mwanga ukiingia, mafundo hayo hutupa vivuli kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Unachokiona, basi, ni kivuli cha kitu kilicho ndani ya jicho lako mwenyewe. Ndiyo sababu kuosha macho au kutia matone hakusaidii.

Aghalabu vidoa hivi huwapata waliopita umri wa miaka 50. Hata hivyo, vijana wasioona mbali vizuri, wale wanaohitaji miwani kusoma ubaoni, huweza kuviona mapema. Hali kadhalika waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na waliowahi kugongwa jichoni kwa mpira au ngumi.

Ikiwa una vidoa viwili vitatu ulivyovizoea kwa miezi au miaka, na macho yako yanaona vyema, huna haja ya kuwa na wasiwasi. Ubongo huvizoea, na vingine huzama chini ya mstari wa macho. Mtaje daktari habari zake utakapokwenda kupimwa.

Dalili za hatari

Shida huja ute unaponywea na kujibandua kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi hujibandua salama. Lakini kuna wakati huvuta kwa nguvu na kuichana retina. Majimaji yakipenya kwenye ufa huo, retina huanza kubanduka kama karatasi ya ukutani iliyolowa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa msemo huo una maana yake kamili.

Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Vidoa vipya vingi vinatokea kwa ghafla, kama masizi yaliyomwagwa.

2. Miali ya mwanga kama umeme wa radi pembeni mwa jicho, hata ukiwa gizani.

3. Kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja wa jicho.

4. Kuona kumefifia ghafla.

5. Vidoa vimefuatana na jicho jekundu, maumivu, au kushindwa kuvumilia mwanga. Hii huweza kuwa dalili ya uvimbe ndani ya jicho.

Wagonjwa wa kisukari wajihadhari zaidi, kwani vidoa vya ghafla huenda ni damu inayovuja ndani ya jicho. Walio na virusi vya ukimwi nao wasingoje.

Jambo linalowahadaa wengi ni kwamba retina ikichanika haiumi. Mtu husema, "Hakuna maumivu, nitakwenda mwisho wa mwezi nikipata mshahara." Naye mwanafunzi husema atangoja mtihani uishe. Ufa ukigunduliwa mapema, daktari huuziba kwa miale ya leza, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Retina ikishabanduka, upasuaji mkubwa huhitajika, na ikiwa sehemu ya katikati imeguswa, huenda jicho lisirudie kuona kama zamani.

Ufanye nini?

Jipime nyumbani: funika jicho moja kwa kiganja, utazame mbele, kisha ubadilishe. Ukiyafumbua yote mawili, jicho zima huficha kasoro za jicho gonjwa.

Duka la miwani pekee halitoshi. Mueleze daktari vidoa vilianza lini na iwapo umeona miali. Atakutia matone ya kupanua mboni ili aone retina yote. Kwa saa kadhaa utaona ukungu, kwa hivyo usiendeshe gari. Nenda na mtu wa kukusindikiza. Kliniki za macho zipo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, hospitali ya Kikuyu, ile ya Lions kule Loresho, na Sabatia huko Vihiga. Ukiwa mbali, anzia hospitali iliyo karibu nawe na uombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu.

Usitie jichoni maziwa ya mama, majani ya chai wala dawa ya mitishamba. Matone yaliyosalia ya jirani pia yaepuke: mengine yana dawa zinazopandisha presha ya jicho zikitumiwa bila uangalizi.

Upo upasuaji wa kuondoa ute wote, lakini madaktari huufanya kwa nadra kwa ajili ya vidoa peke yake, maana huweza kuleta mtoto wa jicho au hata kuibandua retina. Kwa vidoa vya kawaida, kuvizoea ndiyo tiba. Vikija vipya kwa ghafla, panda matatu leo. Usingoje kesho.