Fedha Iliyo Chini ya Mbao

Mafundisho mengi juu ya hema ya kukutania huanza na orodha: dhahabu ni uungu, fedha ni ukombozi, shaba ni hukumu, mti wa mshita ni ubinadamu. Orodha hiyo ni nyepesi kukariri, ndiyo maana haijaondoka mimbarani. Toleo hili linatetea usomaji mwingine. Katika Biblia, kitu cha ujenzi hupata maana yake ya kiroho kutokana na mkono uliokitoa, namna kilivyotolewa na mahali kilipowekwa, kabla ya kutokana na asili yake. Pete za dhahabu za masikioni ndizo zilizosubiwa ndama katika Kutoka 32. Sura chache mbele, watu wale wale wanaleta dhahabu kwa moyo wa kupenda, hata Musa analazimika kutangaza waache kuleta. Madini ni yale yale. Kama dhahabu ingekuwa na maana moja tu popote iendapo, tungemwelezaje yule ndama?

Ushahidi mzito zaidi umo katika hesabu ya Kutoka 38, ambayo wasomaji wengi huiruka. Wanaume 603,550 walihesabiwa, na kila mmoja akatoa nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake. Sura ya 30 ilikuwa imeshaweka sharti: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Zikapatikana talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta hizo 100 zikasubiwa vitako 100, na juu yake zikasimama mbao za hema na nguzo za pazia. Shekeli zilizobaki zikatengenezewa, pamoja na mengine, kulabu za nguzo. Kwa kuwa talanta moja ni shekeli 3,000, kila kitako kilibeba fidia ya watu 6,000, na hakuna aliyeweza kuonyesha kipande chake. Kwa hiyo ni kweli kwamba fedha hapa ni ukombozi, lakini ni kwa sababu andiko limetuambia ilikotoka. Birika la shaba nalo lilitokana na vioo vya wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Anayeona hukumu peke yake katika shaba hiyo amewasahau wanawake hao.

Hekalu la Sulemani linaonyesha upande wa pili. Mierezi ya Lebanoni, mawe yaliyochongwa machimboni ili nyundo isisikike nyumbani mwa Bwana: yote ni mazuri, na mwandishi wa Wafalme anayasifu. Hata hivyo hafichi kwamba watu 30,000 walitozwa shokoa, wakipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Sulemani alipokufa, watu walimwomba Rehoboamu awapunguzie kongwa. Alipokataa, wakampiga kwa mawe msimamizi wa shokoa hadi akafa. Mwerezi uliopatikana hivyo hauwezi kusomwa kama ishara ya utukufu peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mshita ulitumika kwa sababu ndio mti mgumu wa jangwani, basi. Ndiyo, ulikuwapo, na hilo halipunguzi kitu: sanduku la agano lilitengenezwa kwa mti wa nyikani walikopita watu wenyewe. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya mpangilio, kwamba shaba iko uani na dhahabu iko ndani, hivyo thamani ya madini ina maana yake. Nakubali. Mpangilio huo unafundisha jinsi mtu anavyoukaribia utakatifu. Lakini ndani kabisa, chini ya dhahabu ya sanduku, kuna mbao, na ndani ya mbao kuna mawe mawili yaliyoandikwa amri. Na wanaotegemea Agano Jipya wakumbuke kwamba mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 9, anavitaja vyombo vya hema kisha anakataa kueleza kimoja kimoja, huku Paulo katika 1 Wakorintho 3 akiuachia moto kazi ya kupima dhahabu, miti na majani makavu ya kila mjenzi.

Tunawaomba wahubiri na walimu wa shule ya Jumapili, kabla ya kufundisha maana ya rangi na madini, wasome Kutoka 30 na 38 kwa pamoja, bila kuruka hesabu.