Wanaosifu Ziwa na Kupunja Samaki

Liko neno moja tulilolisikia mpaka masikio yamechoka. Mgeni akifika Moba, akiisha kupanda mpaka Kirungu na kugeuka kutazama nyuma, husema: "Ninyi mna bahati! Hapa ni mahali pa kupumzika." Mtu wa Lubumbashi husema hivyo. Mtumishi wa shirika aliyekuja kwa siku tatu husema hivyo. Hata mtoto wetu aliyekaa mjini miaka miwili tu, akirudi likizo, husema vilevile. Hatukatai kwamba nchi ni nzuri. Milima ya Marungu iko nyuma yetu, Tanganyika iko mbele, na hewa ya juu ni baridi hata mtu hutafuta blanketi. Lakini twauliza: anayepumzika hapa ni nani?

Tuanze na taa. Wageni hupenda kukaa ufukoni usiku wakitazama taa za wavuvi, na kusema kwamba zafanana na nyota. Vema. Chini ya kila taa wako watu waliolowa mpaka mifupani. Ndagala hufuata mwanga, kwa hiyo kazi ya kuwavua ni kazi ya giza, tangu jua kuzama mpaka alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, wavuvi hukaa nyumbani, na chungu huwa chepesi. Na usiku huo ndio mgeni anaousifu kuliko yote! "Tazameni mwezi juu ya maji," asema. Mke wa mvuvi naye autazama, naye anahesabu siku zilizobaki. Tena kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, mawimbi huja kutoka mbali, maana ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Mtumbwi ukipinduka huko, hakuna pa kukanyaga.

Asubuhi ni zamu ya wanawake. Wanaanika, wanageuza, wanafukuza kuku na ndege. Mvua moja ya ghafla, na kazi ya usiku mzima imeoza.

Sasa twende sokoni, maana ugomvi wetu uko huko. Wanawake wa milimani hushuka na maharagwe, mahindi na viazi, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wametoka nyumbani kabla jogoo hajawika. Wanataka kuuza, kununua chumvi, sabuni na ndagala, wapande tena kabla ya usiku. Basi mchuuzi mwerevu hangoji soko. Huenda kuwakuta njiani, penye mti wa kivuli, akijua kwamba hapo shingo inauma. Huwaambia: "Mama, soko leo limejaa, bei imeanguka, afadhali nikusaidie." Kusaidia! Tangu lini msaada ukapimwa kwa ndoo?

Na hiyo ndoo tuitazame vizuri. Mchuuzi wa namna hii anazo mbili. Ya kununulia imegongwa kwa ndani mpaka kitako kimetokeza nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ya kuuzia imegongwa kwa nje mpaka kitako kimeingia ndani. Zote mbili huitwa ndoo moja, na bei hutajwa kwa ndoo moja. Akinunua hushindilia maharagwe, hutikisa, huongeza kilima juu. Akiuza hupitisha mkono haraka na kusema imejaa. Mama wa mlimani hakusoma hesabu, lakini si mjinga. Anaona. Ananyamaza kwa sababu jua linakwenda na njia ya kurudi ni ndefu.

Mbele kidogo yuko kijana mwenye kamba iliyofungwa ng'ambo mbili za njia. Hudai pesa za kupita, na karatasi anayotoa haina muhuri, au haipo kabisa. Huyo hatutapoteza wino mwingi juu yake. Kila msomaji wa Kongo anamjua.

Wachuuzi wanatujibu: "Ninyi mwasema bure. Sisi twalipa mashua mpaka Kalemie au Mpulungu, twalipa wachukuzi, njia ni matope, kamyo hukaa wiki, mali inaoza. Tusipopata faida, nani atakuja kununua kwenu?" Neno hili lina ukweli, nasi hatutaki kuwaonea. Bila mchuuzi, maharagwe ya Marungu yangeliwa na fukufuku ghalani, na ndagala wetu wasingefika mbali. Mtu anayehatarisha mali yake ziwani astahili faida. Lakini na aitaje faida hiyo mbele ya watu, kwa bei, ili mama akubali au akatae. Njia mbaya haikubonyeza ndoo. Matope hayakugonga kitako. Hiyo ni kazi ya nyundo, na nyundo ina mwenyewe.

Nchi hii imewahi kuwapokea wageni wengi waliokuja kupima na kuchukua. Mwaka 1883 Kapteni Émile Storms alijenga boma Mpala, kaskazini mwetu. Mwaka uliofuata watu wake walimwua mtemi Lusinga na kumkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Huko Brussels Storms aliwekewa sanamu, nayo iliondolewa mwaka 2022 tu. Hatusemi kwamba mwenye ndoo ni kama Storms, tungekuwa waongo. Twasema tu kwamba watu wa hapa hawaamini upesi sifa za mgeni, na wana sababu.

Na ninyi vijana mnaosema hapa hakuna kitu, akili yote iko mjini, sikilizeni. Stefano Kaoze, mzaliwa wa nchi hii hii ya Marungu, alichapishiwa maandiko yake juu ya fikira za Wabantu miaka ya 1910 na 1911, wakati Lubumbashi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Mwaka 1917 alipewa upadri papa hapa, mahali palipoitwa Baudouinville wakati ule, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Hakungoja mji umpe akili. Ninyi mliosoma hesabu, mama zenu wanapimiwa mbele ya macho yenu, nanyi mmekaa ukutani mkitazama simu. Simameni karibu na ndoo. Hesabuni kwa sauti.

Twaomba jambo dogo: wakubwa wa soko, pamoja na wanawake wauzaji wenyewe, wachague ndoo moja iliyo nzima, itiwe alama, ifungwe kwa mnyororo penye mlango wa soko, na kila mwenye shaka aende kupimia hapo. Haitaki msaada kutoka Kinshasa. Inataka ndoo na mnyororo. Atakayepinga, tutamjua kwa kupinga kwake.

Mgeni apendaye mwezi juu ya maji, karibu sana, kiti kipo. Ila siku hizo samaki ni wachache na bei hupanda. Asimwombe mama ampunguzie.