Anayekaa Nyuma Ndiye Anayejua

Mwenzangu anaipenda Honda CG125 yake ya zamani, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, kuliko suti yake ya harusi. Sina wivu. Ila kila tukitoka Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo, tukiingia kwenye changarawe, mkia wa pikipiki unayumba. Yeye aliyeshika usukani anasema ni barabara. Mimi niliyekaa juu ya tairi la nyuma najua ni shokapu.

Shokapu ni springi na oili. Springi inabeba uzito, oili inatuliza mdundo. Oili ikivuja, tairi linarukaruka, na likiwa hewani halishiki njia. Hapo kona na breki ni bahati tu.

Kaka, bonyeza siti kwa nguvu kisha iachie. Ikidunda zaidi ya mara moja, badilisha shokapu zote mbili kwa pamoja. Inua tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, fundi aangalie bushi na beringi. Mkibebana, kaza springi, pande zote sawa.

Na mama watoto akisema "inayumba", usimjibu "we shikilia tu". Punguza mwendo, simama, kagua. Mapenzi ni pamoja na kumfikisha mwenzio salama.