Pwani Si Minazi na Mbalamwezi Tu

Nimechoka na minazi. Sisemi mnazi wenyewe, maana huo umenilea: madafu, tui, makuti, ufagio, mpaka kuni za kupikia. Nasema mnazi wa vitabuni, ule uliopinda kuelekea majini, upepo wa kusi ukiuchezea, chini yake wapenzi wawili na juu yake mbalamwezi. Fungua riwaya, fungua diwani, soma hizi insha za kusifia nyumbani tunazoandika siku hizi. Pwani ni hiyo hiyo. Ni picha ya kadi ya posta, tofauti yake ni kwamba hii tumeipiga wenyewe.

Kwetu ni Kilifi. Ukipanda matatu kwenda Malindi, mkono wa kushoto utapakana kwa muda mrefu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake anaishi sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, pua ndefu kama mkonga na miguu myembamba kama njiti. Karibu sange wote wa aina hiyo duniani wako hapo. Dume na jike wakishachukuana hawaachani, lakini kila mmoja hulala peke yake kwenye kiota chake cha majani makavu. Jamani, ndoa ya namna hiyo, na hakuna mtunzi aliyeiona?

Humo pia yumo bundi mdogo asiyefika shibiri moja, ambaye nje ya msitu huu anajulikana mahali pachache tu, kama Usambara. Yumo mnana wa rangi ya manjano na nyeusi ambaye dunia nzima hapatikani nje ya Kaunti ya Kilifi. Mwenzangu, sisemi Kenya, nasema kaunti! Mwandishi wetu akifika hapo anaandika kwamba ndege waliimba. Ndege gani? Waliimba nini? "Ndege waliimba" ni sentensi ya mtu ambaye hakusimama kusikiliza.

Najua nitakachojibiwa. La kwanza, eti fasihi ni ya watu, mambo ya wadudu na miti tuwaachie wanasayansi. Haya, tuwazungumzie watu. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mti wa kwenye tope ndio uliopima watu watalala wapi, bibi harusi atakaa wapi na maiti ataoshewa wapi. Sasa niambie unaandikaje riwaya ya ndani ya nyumba ile bila kuujua mkoko?

Na huo mkoko wenyewe si mmoja. Kuna mkoko hasa, kuna mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Wakata miti wana majina hata ya unene wa nguzo: fito, pau, mazio, boriti. Hayo yote ni Kiswahili, tena Kiswahili cha kazi, kisichosubiri kamati ya istilahi. Mvuvi wa Mida anakijua, mzee wa jahazi anakijua. Anayekikosa ni mshairi, na halafu ndiye anayelalamika kwamba lugha inakufa.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Kwamba habari za wanyama na mandhari ni mambo ya watalii na wazungu. Kwamba msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mkoloni mwaka 1943, na tangu hapo mwanakijiji akiingia bila kibali ni mwizi, mgeni akiingia na kamera ni mpenda mazingira. Uchungu huo ninaujua na siudharau. Lakini angalia unakotupeleka. Kabla ya huyo mkoloni, Wamijikenda walikuwa na kaya zao, misitu iliyolindwa kwa miiko na wazee, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuujali msitu hatukufundishwa na mtu. Tukisema ni jambo la wageni, tunawapa hata kile ambacho hawakutunyang'anya.

Na wao hawakulala. Yule mnana vitabuni anaitwa kwa jina la Clarke. Yule bundi mdogo, jina lake la kisayansi limetokana na Irene. Siwalaumu. Walikuja, wakatazama, wakaandika. Anayeandika ndiye anayeita.

Mnaweza kuniona nagombana kwa ajili ya majina tu. Lakini mwaka 2024 watu wa Uyombo waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao, jirani na hori la Mida na si mbali na msitu huo huo. Uwe unaunga mkono mpango au unaupinga, mahali kama pale panapojadiliwa kuna swali moja: kuna nini pale? Mvuvi ana jibu lake. Anajua bamvua na maji mafu, anajua wapi kasa hupanda kutaga, anajua mwezi ambao sululu na wenzake hufika kutoka kaskazini ya mbali na kuijaza michanga. Lakini jibu lake liko mdomoni, na mezani hutakiwa karatasi. Tungekuwa na rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili vinavyoijua Mida kwa jina na kwa msimu, angeingia mkutanoni akiwa na kitu mkononi. Tumempa minazi na mbalamwezi. Atapingia nini na hivyo?

Basi, wahariri, mkiletewa mswada wa Pwani muulizeni mwandishi mti uliotajwa ni upi na ndege ni yupi. Akishindwa, mrudishieni. Nanyi washairi wenzangu, tokeni. Nendeni Mida maji yakiwa yametoka, mvue viatu, mzame kwenye tope mpaka magotini, mkiwa na mtu wa pale wa kuwaambia huu ni mchu na ule ni mlilana. Hakuna tuzo huko, na mbu wapo wengi. Lakini mtarudi na maneno, na hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye vitabu vyenu.