Reli ya Bububu haikufa kwa uzee

Jioni, daladala ya 502 ikishapita Mtoni haiendi tena, inatambaa. Mbele yake kuna lori la mchanga, nyuma yake teksi ya mtalii anayewahi Nungwi, pembeni bodaboda watatu wanatafuta upenyo ambao haupo. Kwenye foleni ya namna hiyo mara nyingi hutokea abiria mwenye umri akawakumbusha wenzake kwamba zamani huku likipita gari la moshi. Watu huguna, wengine hucheka, na majuto yanatanda garini: kumbe tulikuwa na kitu cha maana tukakiacha kiponyoke.

Majuto hayo yana haki yake, ila yamekaa mahali pasipo pake. Tunaililia injini ilhali kilichopotea ni ardhi.

Kwanza tuzitenganishe reli mbili ambazo hadithi za mjini huzichanganya. Ya mwanzo ilikuwa ya Sultani Sayyid Barghash. Mwaka 1879 alitandika njia nyembamba kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani, kusini, na mabehewa yakawa yanavutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo kwa Bagnall, watengenezaji wa Uingereza. Mombasa ilingoja miaka kumi na mitano mingine kabla ya ujenzi wa reli ya Uganda kuanza mwaka 1896, kwa hiyo Mzanzibari anayejigamba kwamba gari la moshi la mwanzo Afrika Mashariki lilinguruma Unguja hasemi uongo. Lakini reli ile ilikuwa ya mfalme na jamaa zake. Alipofariki mwaka 1888 nayo ikafa, vyuma vikauzwa, na mtu wa kawaida hakupungukiwa na safari hata moja.

Ya pili ndiyo iliyobeba watu. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ilipewa kibali na serikali ya Sultani, na kufikia mwaka 1905 njia ilikuwa imetandikwa kutoka Ngome Kongwe, ikapenya Malindi, ikatoka mjini na kufuata pwani hadi Bububu: maili saba, yaani kilomita kama kumi na moja. Wajenzi hawakuwa na soni na majengo ya zamani. Kule Beit el Ras lilikuwepo jumba alilolianza Sayyid Said mwaka 1847, na lililobaki bila kukamilika alipofariki mwaka 1856. Mawe yake yakachukuliwa kujengea reli. Leo pale ndipo ilipo kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na katika jumba hilo kimebaki kipande tu cha baraza. Hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu wanaoiomboleza reli kama urithi uliobomolewa husahau kwamba nayo ilikula urithi wa wengine ilipokuja.

Picha zake zilizotufikia nyingi ni za postikadi. Zinaonyesha injini fupi ikikwaruza kati ya kuta za nyumba, watoto wakikodoa macho, barabara nzima ikigeuka stesheni. Abiria wa meli zilizotia nanga bandarini walikuwa na behewa lao la daraja la kwanza, nauli senti 35, wakalizungukia shamba na kurudi melini kabla ya jua kuchwa. Kumbukumbu waliyoiacha ni ya kichekesho: treni ya kuchezea katika kisiwa cha karafuu. Nasi tumeirithi picha hiyo bila kuikagua, ingawa reli ilikuwa na abiria wengine wasioandika postikadi. Bububu wakati ule ilikuwa shamba, na aliyeishi huko alikuwa na njia mbili za kufika sokoni, kwa miguu au kwa punda. Kwa mtu huyo maili saba za reli zilikuwa jambo zito.

Serikali ya himaya ya Waingereza iliinunua reli mwaka 1911. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1922, ikasimamisha huduma ya abiria. Katikati ya tarehe hizo mbili barabara za Unguja zilitengenezwa vizuri na motokaa zikaanza kuzoeleka. Aliyekuwa na barabara ndiye huyo huyo aliyekuwa na reli, na alipoona hawezi kuvitunza vyote viwili akachagua kimoja. Injini hazikutupwa hapo hapo. Zilipewa kazi ya kusomba mawe ya kufukia ufukwe kwa ajili ya bandari mpya ya Malindi. Kazi ilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, hapakuwa na aliyeihitaji reli tena, na njia ikang'olewa.

Sitaki kuwahukumu maofisa wale kwa macho ya leo. Sensa ya mwaka 1931 ilihesabu watu wapatao 235,000 Unguja na Pemba kwa pamoja. Kwa idadi hiyo, basi la mbao lililoweza kusimama popote lilimfaa mkulima wa Kibweni kuliko treni iliyofuata saa zake. Treni ilikuwa na moshi, cheche, na makaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Ningekuwa na kiti katika baraza lao huenda nami ningepiga kura ya kuifunga.

Neno langu ni juu ya kilichofuata. Kufunga huduma ni uamuzi mmoja, kuachia njia ni uamuzi mwingine, nao ulipita kimyakimya. Ule utepe wa ardhi uliokuwa na mipaka, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ulimezwa kipande kwa kipande: huku barabara, kule kiwanja, kwingine ukuta wa ghala. Chuma unaweza kukinunua tena mwaka wowote ukiwa na fedha. Lakini ukanda ulionyooka wa kilomita kumi na moja, unaotoka moyoni mwa mji, ukishagawanywa haurudi ila kwa fidia, kesi na machozi.

Majirani zetu wanatupa mfano. Treni ya abiria ilirudi Nanyuki mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya njia ile ya kupitia Thika kuota majani. Wakenya walifukua reli chini ya takataka, wakawaondoa waliokuwa wamejenga na kupanga bidhaa juu yake, na zoezi hilo liliumiza watu wengi. Hata hivyo, liliwezekana kwa kuwa shirika lao la reli lilikuwa bado linaidai ardhi ile. Dar es Salaam nako, Oktoba 2012, treni za mjini zilianza kupita kati ya Stesheni na Ubungo, na kwenye njia ya TAZARA hadi Kurasini, kwa kutumia reli zilizokuwepo tangu zamani kwa safari za mbali na mizigo. Wengi waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kana kwamba alitandika njia yeye. Hakuitandika, aliikuta.

Unguja, waziri wa namna hiyo angekuta nini?

Wako watakaosema dawa ni kuirudisha: treni ndogo ya kitalii, injini iliyopakwa rangi, kofia za makondakta, kituo Forodhani. Naliona wazo hilo likivutia na silitaki. Ingekuwa postikadi ile ile ya mwaka 1905 kwa bei mpya, na mkaazi wa Bububu angebaki ndani ya daladala akiitazama ikipita. Kama ni kumbukumbu tu inayotakiwa, vibao vinatosha: kimoja Ngome Kongwe, ambako wasikilizaji wa muziki wa tamasha hukaa jioni bila kujua kwamba palikuwa mwisho wa reli, kingine Malindi, kingine Beit el Ras kilichoandikwa ukweli wote, pamoja na habari ya yale mawe.

Kuna jambo la haraka zaidi. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu laki tisa katika sensa ya 2022, na mji umekwenda kaskazini hadi Bububu kuacha kuitwa shamba. Bandari ya Malindi, ile ile iliyojazwa kwa mawe yaliyosombwa na reli, imezidiwa, na serikali imepanga bandari kubwa ya mizigo Mangapwani. Itazame ramani: mzigo utakaoshushwa Mangapwani na kutakiwa mjini utateremka ukanda ule ule, Bububu, Kibweni, Mtoni, Maruhubi. Kwa sasa kinachoungojea ni barabara, na malori yakijazana jawabu litakuwa kuipanua, kisha kuipanua tena hadi ifike vibarazani mwa watu.

Basi, kabla ya mkandarasi wa upanuzi unaofuata hajapewa kazi, Kamisheni ya Ardhi ingepewa kazi hii: ipime ilipopita njia ya 1905, ioneshe ni vipande gani bado ni mali ya umma, na kutoka Bububu kwenda Mangapwani, ambako ujenzi haujabana, itenge ukanda mpya kwa sheria. Usitajwe kuwa wa treni, wala wa mabasi, wala wa mabomba ya maji. Hayo wataamua watakaokuwepo mwaka 2050. Wakulima wa mikarafuu na minazi watakaoguswa walipwe sasa, bei ikiwa ya shamba, kabla madalali wa viwanja vya hoteli hawajaifikia ardhi yao.