Baiskeli na Mapambo Yake

Baiskeli ya milimani imeenea Mitunguu kama mgomba. Zamani mtu aliyetaka chombo cha kumpeleka sokoni alinunua baiskeli nyeusi, nzito, yenye breki za fito, ambayo watu wa Kenya waliipa jina la Black Mamba. Kijana wa leo hamwombi baba yake chombo hicho. Ataka baiskeli yenye tairi nene za meno meno, gia nyingi, usukani ulionyooka, na foki ya mbele yenye springi mbili. Nyuma haina springi, fremu yake ni kavu. Hana budi pia kuitaka iliyo ya bei ya chini, maana fedha itakayoilipia ni fedha ya ndizi. Sina ugomvi na tamaa hiyo. Chombo hicho, hata kikiwa cha daraja la chini kabisa katika jamaa yake, chaifaa nchi yetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Ugomvi wangu ni juu ya jambo lifanywalo baada ya baiskeli kufika nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenye baiskeli huanza kuiboresha kwa vitu vya kutazamwa. Hununua foki nyingine yenye springi kubwa kuliko zile za kwanza. Huzivisha spoku shanga za rangi, hubandika karatasi zing'aazo juu ya fremu, hufunga honi ya makelele na vioo viwili. Fedha zikiisha, breki ni zile zile zilizotoka dukani, na raba zake zimelika mpaka chuma. Tairi ya nyuma ina upara. Mnyororo walia kama bawaba za mlango mkongwe. Nasema kwamba desturi hii ni upumbavu, na katika nchi ya miteremko ni upumbavu unaoua. Fedha ya kwanza ya kuiboresha baiskeli ni haki ya breki na tairi. Springi ingoje.

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alimaliza akiba ya likizo nzima kwa foki mpya. Nilipomwuliza kwa nini hakuanza na breki, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, breki hazionekani." Jibu hilo ni la kweli kabisa, na ndani yake mna ugonjwa wote ninaotaka kuusema. Twaboresha baiskeli kwa ajili ya macho ya watu waliosimama kando ya barabara, wala si kwa ajili ya mtu aliyeketi juu yake.

Tazama nchi yenyewe ilivyoumbwa. Nkubu, iliyo kando ya barabara kuu ya Embu na Meru, iko juu, kwenye hewa ya baridi na mashamba ya kahawa. Mitunguu iko chini kwenye joto, na maji ya mto Thingithu huletwa mashambani kwa mabomba, yakishuka kwa uzito wao wenyewe. Ukizidi kushuka, waingia Tharaka. Basi mteremko uo huo unaotunyweshea migomba ndio anaoushuka mtoto wa shule, naye hana haja ya kupiga pedali hata mara moja ili mwendo wake uzidi ule alioukusudia. Katika darasa la fizikia twajifunza kwamba nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Ashukaye kwa kilomita 40 kwa saa amezidisha mara mbili mwendo wa yule wa kilomita 20, lakini breki zake zina kazi mara nne, na tangu azishikapo mpaka asimame atakula barabara mara nne. Kanuni hii huandikwa vizuri sana katika madaftari na wanafunzi wale wale ambao, kengele ya jioni ikilia, hupanda baiskeli zisizo na breki ya mbele.

Nasema zisizo na breki ya mbele kwa sababu wako wanaoifungua kwa makusudi, wakidai kwamba humtupa mtu kifudifudi. Hiyo ni hekima ya vijiweni. Baiskeli ikizuiwa, uzito wa mpandaji husogea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, na ukilibana sana huteleza tu. La mbele ndilo linaloishika ardhi wakati huo, na sehemu kubwa ya kusimama ni kazi yake. Aliyetupwa alitupwa kwa sababu aliibana breki kwa ghafula huku mikono yake imelegea na mwili umeinamia usukani. Ibane kwa kuongeza kidogo kidogo, uirudishe nyonga nyuma ya tandiko, uikaze mikono, haitakutupa. Lakini somo hili halina faida ikiwa raba zimekwisha. Wala halina faida kubwa wakati wa mvua ya Novemba ikiwa rimu ni za chuma kilichopakwa kromiamu, maana rimu za namna hiyo zikilowa huwa kama sabuni. Rimu za alumini hushikika vizuri zaidi katika maji, na pia ni nyepesi. Mwenye fedha ya foki mpya angefanya vema kuuliza bei ya rimu hizo, na ya raba mpya, na ya waya mpya wa breki. Na asijidanganye aliye na breki za sahani kwa kuwa jina lake ni kubwa: sahani iliyopinda, na waya ulioshika kutu ndani ya ala yake, si bora kuliko fito za Black Mamba.

Huenda msomaji akasema kwamba mwalimu hajui mambo ya kisasa, na kwamba baiskeli ya milimani bila springi si ya milimani. Na tuwaulize walioianzisha. Katika miaka ya 1970, huko Marin katika jimbo la California, Marekani, kundi la vijana lilikuwa likishuka milima kwa baiskeli kuukuu, nyingi zikiwa za Schwinn zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Mwaka 1976 walianza mashindano ya kushuka njia moja ya udongo yenye mteremko wa karibu mita 400 kwa safari ya kama kilomita 3 tu. Njia hiyo waliiita Repack, na jina hilo lina maana ya kupaka grisi upya. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kufika chini, zilikuwa zimepata moto hata grisi imegeuka moshi, na ilikuwa lazima kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi nyingine. Tazama basi: hata jina la njia yao lilizaliwa na breki! Nao hawakukimbilia springi. Walitafuta breki zilizo imara zaidi, wakafunga mikono ya breki ya pikipiki, wakachagua tairi nene, wakaongeza gia ili waweze kupanda mlima walioushuka. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo, na mwaka 1981 baiskeli iitwayo Stumpjumper ikaanza kuuzwa kwa wingi. Zote hizo foki zake zilikuwa kavu. Foki ya springi ya RockShox haikuenea mpaka yapata mwaka 1990. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi watu walishuka milima mikali kuliko yetu bila springi hata moja, na mchezo ukakua.

Sikatai kwamba springi njema ni neema. Mikono ya mtu aliyekwenda mwendo mrefu katika barabara ya mawe yaijua neema hiyo. Lakini springi njema haikai peke yake. Ndani ya foki mna mafuta yaizuiayo isirudi kwa kishindo. Foki iliyomo katika baiskeli za bei ya chini, na hata hizo nyingine zinazouzwa kwa majigambo madukani, aghalabu ni chuma kilichosokotwa tu ndani ya bomba. Ikibonyezwa huruka. Ukisimama juu ya pedali kupanda kilima, hudidimia kila unapokanyaga, na nguvu uliyokusudia kuipa njia waipa springi. Juu ya hayo ni nzito. Kijana ameongeza uzito, amepunguza nguvu, na amelipa fedha ili apate mambo hayo mawili!

Kinyume chake, springi iliyo bora kuliko zote katika baiskeli ya daraja la chini imo ndani ya tairi, nayo ni hewa ya bure. Ubavuni mwa tairi mmeandikwa kiasi cha hewa kinachofaa. Nani husoma? Vijana wetu hupiga pampu mpaka tairi iwe kama jiwe, kisha hulalamika kwamba baiskeli yawarusha. Tairi nene iliyojazwa kwa kiasi hujilaza juu ya kokoto na kuzikumbatia. Iliyojazwa kupita kiasi hudunda juu yake. Ni kweli kwamba ikipungua mno, rimu hupiga mawe na tyubu hutoboka. Kipimo hujulikana kwa kujaribu siku chache, na kila mpandaji ana kipimo chake kwa kadiri ya uzito wake. Kwa miba ya upande wa Tharaka, viraka na pampu ndogo ni akili kubwa kuliko honi.

Liko neno jingine ambalo hulisikia kwa watu wazima: kwamba kitu cha bei rahisi hakistahili kutunzwa, bora kukitumia hata kife, kisha kununua kingine. Naliona neno hili kuwa baya kuliko lile la mapambo, kwa sababu lasemwa kwa sauti ya busara. Baiskeli ya bei ya chini ndiyo hasa inayohitaji mkono wa mwenyewe, maana kiwandani iliungwa kwa haraka. Gololi zake hutoka zikiwa na grisi kidogo, skrubu zake zimekazwa nusu. Mwenye kuifungua vitovu, kuisafisha na kuipaka grisi ameiongezea maisha kwa gharama ndogo mno. Chukua mnyororo. Pingili 12 kamili za mnyororo mpya, kila moja yenye pini mbili, hupimwa inchi 12 barabara, urefu wa rula iliyomo katika mfuko wa kila mwanafunzi. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini. Pini ya mwisho ikipita alama ya inchi 12 kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka, ubadilishe. Ukingoja mpaka ipite sehemu ya nane, meno ya gia yamekwisha kulika pamoja nao, na utanunua vyote. Hapo ndipo baiskeli rahisi huwa ghali.

Kadhalika mzigo. Wako wanaotwika mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli ya milimani kwa kuwa waliona baba zao wakitwika Black Mamba. Vitovu hivi viwili si ndugu. Katika kitovu cha nyuma cha baiskeli nyingi rahisi, gia sita au saba zimefungwa kwa kuzungushwa ubavuni, nazo zimezisukuma gololi za upande huo ndani, mbali na mwisho wa ekseli. Kipande hicho kirefu cha ekseli hakina kinachokishikilia, na mzigo ukizidi hupinda au hukatika. Hakuna springi ya mbele itakayoliponya hilo.

Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, mwendesha baiskeli mashuhuri David Kinjah amewalea vijana wengi katika kundi lake la Safari Simbaz, na huko kijana hufundishwa kuendesha na kufundishwa pia kushika spana. Mmoja wa wavulana waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye baadaye alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017. Usione vyaelea, vimeundwa. Na wasichana, ambao katika nyumba nyingi huambiwa kwamba spana si kazi yao, na wajue kwamba kupima mnyororo hakutaki misuli.

Mafundi wa kando ya barabara siwalaumu sana, huuza wanachoombwa. Mzazi simlaumu kwa kuwa hakujua. Lakini wewe uliyesoma kanuni ya mraba wa mwendo, na mwenye rula mfukoni, udhuru wako ni upi? Ikiwa waona nimewasingizia vijana, nenda sasa hivi ilipo baiskeli yako. Simama kando yake, ubane breki ya mbele kwa nguvu, kisha uisukume mbele. Gurudumu la nyuma likiinuka kutoka ardhini, breki yako ni nzima, nami naomba radhi. Likibaki chini huku lile la mbele likiviringika kana kwamba hukubana kitu, usiipande kwenda Nkubu wala kurudi; ikokote kwa mikono mpaka kwa fundi, na ile fedha uliyoiwekea foki umpe yeye.