Njeo, Hali na Maji ya Chekereni: Haja ya Kuainisha Vitenzi vya Kiswahili Katika Isimu-kompyuta

Skimu ya umwagiliaji ya Moshi ya Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano wa Tanzania na Japani, hutegemea mito ya Rau na Njoro. Katika mashamba ya mpunga ya Chekereni maji hayawatoshi wakulima wote kwa mara moja, hivyo hugawanywa kwa zamu. Mahali kama hapo, tofauti kati ya maji yalifika na maji yamefika si suala la sarufi tupu. Kauli ya kwanza haisemi lolote kuhusu hali ya mfereji sasa; ya pili inamtaka mkulima achukue jembe na kwenda shambani.

Swali linalozuka ni iwapo kompyuta inayochambua Kiswahili inaweza kuihifadhi tofauti hiyo. Kwa upande wa maumbo, mafanikio ni makubwa. Kwa kutumia modeli ya ngazi mbili iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda programu ya SWATWOL, ambayo hupambanua viambishi vya kitenzi cha Kiswahili kwa ufanisi. Hata hivyo, kutambua kwamba -me- imo ndani ya neno ni jambo moja. Kueleza tukio limefikia wapi ni jambo jingine.

Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Mkulima anapalilia.
b. Mkulima amepalilia.
(2) a. Mpunga unaiva.
b. Mpunga umeiva.
(3) a. Mlinzi wa lango anasimama.
b. Mlinzi wa lango amesimama.

Katika (1b) tendo limekwisha na matokeo yake yanaonekana. Katika (2b) na (3b), kinachoelezwa hasa ni hali iliyopo wakati wa kusema: mpunga ni mbivu, mlinzi yu wima. Aidha, (2a) haimaanishi kwamba mpunga ni mbivu, bali kwamba unaelekea huko. Kiambishi ni kile kile. Kilichobadilika ni aina ya tukio linalobebwa na mzizi. Vitenzi kama iva, lala, simama, vaa, jaa na kauka hutaja kuingia katika hali. Kwa hiyo programu inayoipa -me- lebo moja ya wakati uliopita itasema kwamba mlinzi alisimama, ilhali bado amesimama.

Nadharia zilizopo zinasaidia, lakini hazitoshi zikiachwa peke yake. Hans Reichenbach (1947) alitofautisha wakati wa kusema, wakati wa tukio na wakati wa rejea. Zeno Vendler (1957) aligawa vitenzi katika makundi manne kwa kuzingatia jinsi tukio linavyotandazika katika wakati. James Allen (1983) aliorodhesha mahusiano 13 yanayowezekana baina ya vipindi viwili. Makundi ya Vendler, hata hivyo, yalijengwa juu ya vitenzi vya Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi hutumia kivumishi pale Kiswahili kinapotumia kitenzi chenye -me-. Kuyahamisha yalivyo ni kuazima vazi bila kupima mwili.

Ukanushi nao unathibitisha hoja hii. Mpunga haujaiva humaanisha kwamba kuiva bado kunatarajiwa, na huenda shamba linahitaji maji zaidi. Mpunga haukuiva ni habari ya hasara. Mfumo unaozipa kauli hizi mbili tafsiri moja umepoteza kiini cha ujumbe.

Yawezekana kudai kwamba mifumo ya leo, inayojifunza yenyewe kutokana na matini nyingi, haihitaji uainishaji wa aina hii. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwani mifumo hiyo hupatia mara nyingi. Lakini bila matini zilizowekewa alama na wajuzi wa lugha, hakuna kipimo cha kuonyesha ni wapi inakosea, na kosa la njeo halipigi kelele: sentensi hubaki sanifu huku maana ikiwa imepotoka.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila kitenzi katika kamusi za kompyuta kipimwe kwa majaribio matatu: maana yake kikiwa na -na- ikilinganishwa na -me-, kukubali kwake kwa saa mbili au ndani ya saa mbili, na tofauti ya -ja- na -ku- katika ukanushi. Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji wanafunzi wa isimu wenye daftari na subira, watakaosikiliza jinsi lugha inavyotumika penye mfereji, sokoni na nyumbani. Kazi hiyo isipofanywa na wenye lugha, kompyuta itaendelea kuupima wakati wa Kiswahili kwa saa ya lugha nyingine.